Kule Georgia Pia Walisukuma Wiki

Mwaka jana mamangu aliamua kupanda mboga kwenye magunia nyuma ya nyumba, akanituma agrovet nimnunulie mbegu za sukuma. Jamaa wa duka akaniwekea pakiti ndogo juu ya kaunta. Ilikuwa na picha ya majani mapana ya kijani, na maneno ambayo sikuyatarajia: Southern Georgia.

"Hii ni ya wapi?" nikamuuliza.

"Hiyo ni sukuma tu, boss. Ile ya kawaida."

Ndani ya matatu niliigeuzageuza ile pakiti hadi nikapitishwa stage yangu. Georgia ninayoisikia mimi ni jimbo la Kusini mwa Marekani: mashamba ya pamba, Atlanta, nyumbani kwa Martin Luther King. Sukuma ninayoijua mimi ni ya kwetu kabisa. Tuliila Jumatatu, tukaila Jumanne, tukaila Jumatano, na mgeni akibisha mlango sufuria ilisogezwa nyuma na mtoto akatumwa mayai mbio. Nilikua nikiamini kwamba hiyo mboga ni siri ya nyumba, kitu ambacho watu wenye pesa hawakijui. Sasa inakuwaje ina jina la Marekani kwenye pakiti?

Nikaanza kusoma. Nilitafuta historia ya jani, nikajikuta kwenye historia ya maneno.

Tuanze na jani lenyewe. Sukuma wiki na ile mboga ambayo Wamarekani wa Kusini huiita collards ni spishi moja, Brassica oleracea, jamaa wa kabeji. Asili yake si Afrika wala Marekani, ni pande za Mediterania na pwani za Ulaya. Wazungu waliipeleka Marekani, na Wazungu hao hao wakaileta huku. Yaani pande zote mbili za bahari ni mgeni. Kisichokuwa kigeni ni kilichofanyiwa hilo jani. Bibi zetu walikuwa wakichemsha managu, terere, saga na majani ya kunde ili unga upate wa kuusindikiza, na kule Afrika Magharibi akina mama walifanya vivyo hivyo na mboga zao. Watu walipotekwa, wakavushwa Atlantiki na kuuzwa Virginia, Carolina na Georgia, walikuta jani jipya. Mkono wa kulipika ulikuwa wa zamani.

Wao hawalikati nyembamba kama mama mboga wa hapa na kisu chake kikali. Hulichana vipande vikubwa, wakalichemsha kwa muda mrefu, saa moja au zaidi, pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Maji yanayobaki sufuriani, ya kijani na yenye mafuta, yana jina lake: pot likker. Hayamwagwi. Huchovywa mkate wa mahindi, ambao ukitaka kuuelewa, fikiria ugali ulioamua kuokwa.

Sasa njoo kwenye wiki.

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland na akatoroka mwaka 1838. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1845 anaeleza chakula alichopewa mtumwa mtu mzima kwa mwezi katika shamba alilokulia: ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki wa kiasi hicho, na busheli 1 ya unga wa mahindi. Busheli ni karibu debe mbili. Kwenye mashamba mengi ya pamba, kipimo kilitolewa kila wiki: robo busheli ya unga na ratili 3 hivi za nyama ya nguruwe ya mafuta iliyotiwa chumvi. Basi. Mtu anaamka kabla ya jua, analima au anachuma hadi giza, na hicho ndicho kipimo hadi siku ya kupimiwa tena.

Nyama kama hiyo haifiki mbali. Kwa hiyo nyuma ya vibanda kulikuwa na vishamba vidogo, vilivyolimwa usiku baada ya kazi au Jumapili. Humo ndimo collards zilimea. Na kama unavyojua ukiwa na hata gunia moja la sukuma, mboga hii ina tabia nzuri kwa mtu asiye na kitu: unachuma majani ya chini, shina linaendelea kupanda juu, kesho kutwa unachuma tena. Kule Kusini huvumilia hata baridi, ikabaki kijani wakati mboga nyingine zimekufa. Hakuna aliyeiita sukuma wiki, lakini kazi ilikuwa ile ile. Kulikuwa na wiki, na ilikuwa nzito, na lazima mtu aisukume.

Sisi nasi tuna neno letu la kipimo: posho. Leo tunalitumia hata kwa marupurupu ya wabunge, lakini katika Kenya ya kikoloni posho ilikuwa unga wa mahindi waliopimiwa vibarua wa mashamba ya walowezi. Sisemi kibarua wa hapa na mtumwa wa Georgia walikuwa hali moja. Kulipwa kidogo ni jambo moja, kuuzwa mnadani na watoto wako ni jambo lingine kabisa. Nasema tu kwamba unga wa kupimiwa una tabia moja popote: unajaza tumbo na bado unakuacha na deni.

Deni lenyewe lilikuja kudaiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kusini mwa Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi ilibabuka, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, wengi wakafa, weusi kwa weupe, karibu wote maskini. Wengi waliamini ni maambukizi. Mwaka 1914 serikali ikamtuma daktari aitwaye Joseph Goldberger, naye akaangalia sahani. Watu waliokuwa wakila unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi tu ndio walioumia. Waliopata maziwa, nyama freshi na jamii ya kunde walipona. Ilifika mwaka 1937 ndipo ikajulikana kilichokosekana ni vitamini iitwayo niasini.

Lakini kuna sehemu iliyonishika zaidi. Mahindi ni zao la wenyeji wa asili wa Marekani. Wengi wao, kabla ya kuyapika, waliyachemsha au kuyaloweka kwa maji ya jivu, na jivu hilo ndilo linaloifungua niasini iliyomo ndani ya mahindi. Waliokuja baadaye walichukua mahindi. Wengi wao hawakuchukua jivu.

Hapo ndipo nilianza kuona kwamba chakula husafiri na maneno yake: jina, methali, maagizo ya bibi, sababu ya kuweka hiki kabla ya kile. Ukibeba chakula na kuyaacha maneno, umebeba nusu, na hiyo nusu iliyobaki nyuma ndiyo inayokujia baadaye kama ugonjwa, au kama usahaulifu.

Chukua gumbo, mchuzi mzito wa Louisiana ambao leo unauzwa kwa watalii. Jina lake linatoka katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako ngombo ni bamia. Karanga, kule Kusini, wazee huziita goober, na hilo ni neno la Kikongo, nguba. Okra lenyewe, jina ambalo Waingereza hulitumia kwa bamia, lina asili ya Kiigbo. Kikongo na Kimbundu ni ndugu wa Kiswahili. Maneno yetu ya ukoo yamekaa kwenye menyu za New Orleans miaka yote hii na hakuna aliyetupigia simu.

Kwa muda mrefu wasomi walisema hakuna kitu kama hicho. Kwenye visiwa na pwani za South Carolina na Georgia wanaishi watu waitwao Gullah Geechee, wazao wa Waafrika waliolimishwa mpunga, wengi wao wakiwa wametolewa sehemu za Afrika Magharibi ambako watu walikuwa wakilima mpunga tangu zamani. Lugha yao iliitwa Kiingereza kilichovunjika, kama vile watu wanavyosema Sheng ni Kiswahili kilichoshindwa mtihani. Katika miaka ya 1930 mwanaisimu mweusi, Lorenzo Dow Turner, alienda kukaa nao, akasikiliza, akarekodi. Mwaka 1949 akachapisha kitabu chenye maelfu ya maneno na majina yenye mizizi ya Afrika. Hakikuwa Kiingereza kilichovunjika. Ni wasomi waliokuwa hawasikii vizuri.

Misemo ya Kusini nayo inataka masikio ya namna hiyo. Mingine ni ya kuchekesha tu. Mtu akishiba anasema ameshiba kama kupe. Akialikwa mahali anajibu kwamba atafika Mungu akipenda na kijito kisipofurika, ambayo ni inshallah yenye taarifa ya hali ya hewa. Kuna bless your heart, Mungu aubariki moyo wako. Ukiambiwa hivyo usikimbilie kusema asante. Mara nyingi ni ile "sawa tu, ubarikiwe" ya shangazi yako ambaye ameshaamua wewe ni mjinga.

Mingine ina uzito. Mtu akiishi vizuri husemwa anakula juu ya nguruwe. Watu wa kule huieleza hivi: nyama laini hutoka mgongoni na juu ya paja, na hiyo ilikuwa ya mwenye mali. Chini kulibaki miguu, masikio, kichwa na matumbo, na hivyo vilienda kwa aliyechinja. Wakajua kuvipika hadi vikawa vitamu, na leo vina mashabiki wake. Mutura na supu ya kichwa zingeelewana na chakula hicho bila mkalimani.

Na kuna huu: mtu ambaye mambo yake yako fiti husemwa yuko kwenye pamba ndefu. Pamba ikirefuka, mavuno ni mazuri, pesa inakuja. Sawa. Lakini pamba ya nani? Mpaka mwaka 1865, yule aliyesimama ndani ya hiyo pamba akiwa na mfuko begani hakuwa na hata pamba moja. Sisi tunafundishwa tangu darasa la kwanza kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kule Kusini, kwa zaidi ya miaka mia mbili, mmoja alichuma juani na mwingine akalia kivulini, na methali ilikatwa katikati kama ilivyokatwa familia. Msemo wa pamba ndefu unatuambia furaha ya nusu moja. Nusu nyingine lazima uitafute.

Tatizo ni kwamba wapishi wengi hawakuandika. Sheria za majimbo kadhaa ya Kusini zilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Abby Fisher alizaliwa utumwani South Carolina, akapata uhuru, akahamia San Francisco na mapishi yake yakashinda tuzo. Mwaka 1881 kilichapishwa kitabu chake, na jina lake linapendeza kwa kujiamini: ni kuhusu anachokijua Bi Fisher juu ya mapishi ya zamani ya Kusini. Yeye hakujua kusoma wala kuandika. Alisema, wengine wakaandika. Ndiyo maana succotash, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, imo kitabuni kwa jina la "Circuit Hash". Aliyeshika kalamu alisikia vibaya. Unaweza kucheka, mimi nilicheka. Halafu nikafikiria ni mangapi mengine yalisikiwa vibaya na hatuna namna ya kuyajua, kwa sababu kalamu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1880, mwandishi mzungu wa Georgia aitwaye Joel Chandler Harris alichapisha kitabu cha hadithi na misemo ya mzee mweusi wa kubuni, Uncle Remus. Harris alizisikia hadithi zile akiwa kijana shambani, kutoka kwa watumwa. Shujaa wake ni sungura mdogo anayewashinda wanyama wakubwa kwa akili. Unamjua. Ni Sungura wetu mjanja, yule wa vitabu vya shule ya msingi. Kitabu kilimpa Harris umaarufu mkubwa. Waliomsimulia hawamo kwenye jalada.

Sasa sikiliza hii. Februari na Machi mwaka 1931, watu wakiwa wamepoteza kazi kila upande, gazeti la Atlanta Constitution liliingia kwenye mzozo na Huey Long, gavana wa Louisiana. Mzozo ulihusu pot likker. Mkate wa mahindi unapaswa kuchovywa ndani ya maji yale ya mboga, au kuvunjwavunjwa humo? Long alisema uchovywe, gazeti likasema uvunjwe. Barua zikamiminika. Hata Franklin D. Roosevelt, wakati huo gavana wa New York, akatia neno lake. Na mhariri aliyeongoza upande wa gazeti alikuwa Julian Harris, mwana wa Joel Chandler Harris. Baba alipata jina kwa hadithi za watu weusi. Mwana akabishana juu ya mchuzi wao.

Mimi sina shida na utani. Sisi wenyewe tunaweza kupigana kuhusu chapati za kwa nani ni laini. Lakini katika Atlanta ya mwaka huo, mpishi mweusi aliyejua jibu hangeweza kuketi mezani katika mikahawa ya wazungu akalitoa. Mchuzi uliruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele, yeye alipita nyuma.

Kuna mpishi mmoja aliyeamua kutumia maneno kama ngao. Georgia Gilmore alikuwa akipika kwenye mkahawa wa Montgomery, Alabama. Tarehe 5 Desemba 1955 watu weusi wa mji huo waligoma kupanda mabasi, baada ya Rosa Parks kukamatwa. Mgomo ulidumu siku 381, na mgomo wa hivyo unataka pesa: petroli, magari ya kubeba wafanyakazi, mawakili. Gilmore aliwakusanya wanawake wenzake, wengi wao wakiwa wapishi na wafanyakazi wa nyumbani, wakaanza kupika kuku, keki na pai na kuziuza kwenye saluni na mitaani. Jina walilojipa lilikuwa Club from Nowhere, chama kisichotoka popote. Lilikuwa jina la kazi. Mwanachama akijulikana angefutwa kazi, na mnunuzi pia angeweza kuingia matatani. Ukiulizwa pesa hizi zimetoka wapi, unajibu kwa moyo safi: hazikutoka popote.

Mwaka 1956 Gilmore alitoa ushahidi mahakamani katika kesi ya Martin Luther King kuhusu mgomo huo. Akapoteza kazi. King akamhimiza apikie nyumbani kwake, na jikoni yake ikawa mahali ambapo viongozi wa harakati walikula na kupanga. Mwaka 1990, siku watu walipokuwa wakiadhimisha miaka 25 ya maandamano ya Selma, aliamka mapema kuwapikia waandamanaji, na siku hiyo hiyo akafariki. Chakula alichokuwa amekipika, familia yake iliwapakulia waombolezaji.

Chama cha akina mama, sufuria kubwa, pesa zinazohesabiwa usiku: hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa hilo. Ndiyo maana namwelewa Gilmore kuliko ninavyowaelewa magavana wawili na mkate wao.

Kila Januari mosi, familia nyingi za Kusini, weusi na weupe, hula sahani moja. Kunde zilizopikwa na wali, zinazoitwa Hoppin' John, ni sarafu. Collards ni noti. Mkate wa mahindi ni dhahabu. Wanasema ukianza mwaka kwa chakula cha maskini, mwaka utaumaliza ukiwa umenenepa. Kunde zilitoka Afrika. Mahindi yalitoka kwa watu waliofukuzwa kwenye ardhi hiyo. Jani lilitoka Ulaya. Na aliyeviweka pamoja na kuvipa maana alikuwa mtu aliyepimiwa unga, ambaye hakuwa na sarafu, noti wala dhahabu. Sukuma tuliyokuwa tukiificha mgeni akija, wao huiweka katikati ya meza siku kubwa kuliko zote na kuiita pesa.

Zile mbegu ziliota. Mamangu aliniuliza juzi nilikuwa nasoma nini usiku kucha, nikamweleza yote: debe mbili za unga, vishamba vya usiku, pot likker. Alikuwa anachambua majani mapajani, akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo nao walikuwa wanasukuma," akasema.

"Walikuwa wanasukuma, mum."

"Na walikuwa wanaikata nyembamba?"

"Zii. Vipande vikubwa. Halafu inachemshwa saa nzima."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Mungu aibariki mioyo yao," akasema, akachukua kisu.